Anayesubiri Vumbi Liote

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi na ukungu bado haujanyanyuka korongoni. Hildegardi Kapinga anashuka kinyumenyume, kama mtu anayeshuka ngazi, kwa sababu goti lake la kushoto halikubali tena kutangulia. Mkono mmoja umeshika mizizi. Mwingine umebeba kapu lenye gunia bichi na majani ya mgomba.

Anafika chini, anasimama, anapumua. Kisha anafanya kile ambacho amekifanya hapa kwa miaka kumi na tisa: anainama, anashika jani la kangaga, mmea wa kivulini, na kuligeuza.

Nyuma ya jani hilo hakuna kitu. Analiacha. Anageuza la pili, la tatu, la saba. La nane lina vidoa vya mviringo vilivyojipanga mistari miwili kama vifungo vya koti. Analisogeza karibu na macho, anavigusa kwa ncha ya kidole. Kidole kinabaki safi.

“Bado changa,” anasema. “Hili litakuwa tayari wiki ijayo. Na wiki ijayo sijui kama litakuwepo.”

Leo ni Alhamisi. Jumapili, baada ya misa ya pili, kamati ya kahawa ya kitongoji chao, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Litembo, itaamua kama makangaga yote ya korongo hili yafyekwe na kuchomwa moto. Wakulima wengi wanaamini kwamba ndiko ugonjwa wa kahawa zao unakolala. Mama Hildegardi, mwenye umri wa miaka 57, ndiye pekee aliyesimama mbele ya kamati na kusema hapana.

Hakuwahi kuwa mtu wa kusimama mikutanoni. Ni mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari wilayani Mbinga. Anaosha chupa, anafuta meza, anachemsha maji, na wanafunzi wanapofika kwenye mada ya mimea isiyo na maua, yeye ndiye anayetumwa kuleta makangaga. Shule humlipa shilingi laki moja na themanini kwa mwezi.

Alianza kama mpishi. Mwaka wake wa pili pale, mwalimu wa biolojia wa wakati huo alimwomba amletee majani ya kangaga kwa ajili ya somo la kesho yake. Akaleta fungu zuri, kijani kibichi, limefungwa kwa kamba. Mwalimu akayageuza moja moja, akayarudisha kapuni. Hayakuwa na kitu mgongoni.

“Nilimwambia, mwalimu, lakini ni mazuri haya. Akaniambia, mama, uzuri siuhitaji. Nahitaji yanayozaa,” anakumbuka, na kutabasamu kidogo.

Siku hiyo ndipo alipofundishwa jambo ambalo watu wengi hulipita njiani maisha yao yote bila kulijua. Kangaga halitoi ua, wala tunda, wala mbegu. Uzazi wake uko nyuma ya jani, ndani ya vifuko vidogo vinavyoonekana kama madoa. Vikikomaa hupasuka na kumwaga chembe ndogo kuliko unga. Vitabuni chembe hizo huitwa spora. Mama Hildegardi huziita vumbi.

Tangu hapo sifa zake zimevuka milima. Shule tatu za upande wa ziwa, ambako mchanga na joto haviyapi makangaga nafasi, humwagiza kila mwaka. Huyafunga kwenye gunia bichi, akapanda bodaboda hadi Mbinga mjini, kisha basi la kuteremka Mbamba Bay. Hulipwa nauli na chakula cha mchana. Mara ya kwanza alichukua majani yaliyokomaa kupita kiasi. Alipofungua gunia kule ziwani, vumbi lote lilikuwa limebaki kwenye gunia na madoa yalikuwa matupu.

“Watoto walinisubiri kutoka saa tatu. Nikawapa majani yaliyokwisha kuzaa,” anasema. “Njia nzima ya kurudi sikula kitu.”

Ndiyo maana leo anagusa kila doa kwa kidole. Likiacha alama, limechelewa. Likiwa jeupe au kijani, limewahi. Linalofaa ni la kahawia lenye kung’aa, ambalo bado halijafunguka. Siku za namna hiyo kwa jani moja hazizidi tano au sita.

Wazee wa hapa walikuwa na jina moja tu kwa makangaga yote. Yeye, katika korongo hili peke yake, amehesabu aina ishirini na tatu. Ana daftari la shule lenye majani yaliyobandikwa kwa uji wa mhogo, na chini ya kila jani ameandika mahali alipolikuta: kwenye jiwe, juu ya mti, penye matone.

“Ukitaka kujua kangaga ni la ukoo gani, usilitazame usoni,” anasema. “Usoni yanafanana, yanadanganya. Litazame mgongoni.”

Anaonyesha. Hili madoa yake ni ya mviringo. Lile yake ni marefu, yamelala kwa mshazari kama mifupa ya samaki. Jingine halina madoa katikati kabisa, ila limekunja ukingo wa jani kama pindo la kanga na kuficha vumbi lake humo. Na kuna moja, karibu na chemchemi, lenye majani ya namna mbili: mapana ya kuota jua, na membamba yasiyo na kazi nyingine ila kuzaa.

Watafiti wawili wa chuo kikuu wamewahi kupita hapa, kwa miaka tofauti. Wa kwanza alimwandikia majina ya kisayansi kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Wa pili akayapitia, akafuta matatu na kuandika mengine, akieleza kwamba siku hizi koo za makangaga zimepangwa upya.

“Sikubishana naye,” anasema Mama Hildegardi. “Kangaga lenyewe lilikuwa palepale.”

Juu ya yote, katika sehemu ya korongo isiyofikiwa na jua la mchana, kuna makangaga yaliyo miti kamili, yenye mashina meusi yaliyopita kimo cha nyumba. Yalikuwa kumi na moja. Sasa ni saba. Mashina manne yamekatwa usawa wa goti, na chini yake makangaga madogo yamekauka, yamebaki na gamba la rangi ya buluu la dawa ya shaba inayopuliziwa kahawa.

Anapita hapo bila kutazama. Anazungukia upande wa pili wa chemchemi, ingawa njia hiyo ni ndefu na goti linamuuma.

Yaliyotokea yalianza kwenye msimu wa mvua uliopita. Mvua zilikuwa nyingi, na kutu ya majani ikaingia kwenye kahawa. Kila mkulima wa Mbinga anaifahamu: madoa ya manjano juu ya jani, na ukiligeuza unakuta unga wa rangi ya machungwa. Jani hudondoka, na baada ya majani kudondoka hakuna kahawa. Kaya zaidi ya arobaini za kitongoji zilipoteza sehemu ya mazao.

Mkulima mmoja, Henry Ndunguru, ambaye shamba lake linapakana na korongo, aliingia humo siku moja kukata fito. Akageuza jani la kangaga. Madoa, na unga ndani yake.

“Mimi nimelelewa na kahawa. Nimefundishwa tangu utotoni, ukiona unga chini ya jani, choma,” anasema Henry. “Sasa ningefanyaje? Ningesema hili ni pambo?”

Habari ilipanda mlima siku hiyo hiyo. Kesho yake mwenyekiti wa kamati, Florian Ndimbo, aliteremka na watu wanane, mapanga na mabomba mawili ya kupulizia dawa. Walikuwa wamemaliza miti minne Mama Hildegardi alipofika akihema, akawaomba wasimame.

Florian si mtu baki kwake. Ni mdogo wa marehemu mumewe. Ndiye aliyemchimbia marehemu kaburi, na ndiye aliyemjengea mjane huyo jiko lilipoanguka. Wanaitana shemeji, na hadi siku hiyo hawakuwahi kurushiana neno zito.

Mkutano uliitishwa Jumapili iliyofuata. Hapo Mama Hildegardi alifanya kosa ambalo mpaka leo linamkosesha usingizi. Kwa kuwa shuleni alikuwa ameona walimu wakifanya hivyo mara nyingi, alichukua jani la kangaga lililokomaa, akalishika juu ya karatasi nyeupe, akaligonga kwa kidole. Alidhani watu wakiliona vumbi lilivyo safi na laini, wataelewa kuwa ni uzazi.

Vumbi likadondoka. Kahawia, lenye wekundu kidogo. Karatasi ikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, na kila aliyeipokea aliishika kwa ncha za vidole.

“Darasani watoto husema, aa, kumbe. Nikasahau kwamba pale sikuwa darasani,” anasema. “Niliwaletea wakulima wa kahawa unga chini ya jani. Nilijimaliza mwenyewe kwa mkono wangu.”

Kutoka nyuma mtu akauliza kama mama huyu anafuga ugonjwa ili apate nauli ya kwenda kuogelea ziwani. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo vijana wakimwona njiani humwita Mama Makangaga. Yeye huitikia, kwa sababu kukataa jina kunachosha kuliko kulibeba.

Aliyemsaidia kupata maneno ni Mwalimu Rukia Abdulkarimu, anayefundisha biolojia shuleni kwake. Ni mzaliwa wa Tanga, ana miaka mitatu Mbinga na bado anavaa masweta mawili mwezi Julai. Alikwenda naye kwa Florian, akaeleza kwamba kutu ya kahawa ni kuvu linaloishi kwenye jani hai la kahawa, na kwamba vumbi la kangaga ni mwanzo wa kangaga jingine.

Florian alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akamwambia, “Mwalimu, maneno yako mazuri. Lakini mimi nina watu arobaini ambao maneno hayawarudishii kahawa. Mnioneshe.”

Basi wakakubaliana jaribio, ambalo pengine halijawahi kufanywa na kamati ya kahawa mahali pengine popote. Miche sita ya kahawa ilitengwa. Mitatu ikapakwa unga kutoka kwenye majani ya kahawa yenye kutu, mitatu ikapakwa vumbi la kangaga. Pamoja na hayo, vumbi la mti wa kangaga lilinyunyizwa kwenye makopo mawili ya siagi yenye udongo uliochemshwa kuua kila kilichokuwa ndani yake. Kama ni mzazi, Mama Hildegardi alisema, basi mwacheni azae tumwone mtoto. Muda aliopewa ni mpaka mavuno yaishe.

Miche yote na kopo moja vilikaa kwa Florian, ili asije mtu kusema mama amefanya ujanja. Kopo la pili akabaki nalo mwenyewe.

Wiki ya sita miche mitatu iliyopakwa kutu ilitoka madoa ya manjano. Ile ya kangaga ilibaki mizima. Mama Hildegardi alidhani mambo yamekwisha. Lakini wengine kwenye kamati walisema labda ugonjwa wa kangaga ni wa polepole, kama kangaga lenyewe. Wakasema wasubiri kopo.

Kusubiri huko ndiko kulikomchosha. Mwezi mzima udongo ulikaa mweusi. Mwezi wa pili ukapata utando wa kijani, kama ule wa kwenye mtungi. Mwezi wa tatu utando ukawa vipande vidogo, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, chenye umbo la moyo.

“Nilikwenda kumwita jirani. Akaangalia, akaniambia, Mama Hamphrey, hilo ni kuvu la kawaida, hata kwangu lipo bafuni,” anasema. Hamphrey ni mwanawe wa kwanza, fundi ujenzi huko Songea.

Hapo ndipo kangaga linapowashinda wengi. Mwalimu Rukia anaeleza kwamba vumbi halioti kuwa kangaga moja kwa moja. Kwanza huota kuwa kile kipande chenye umbo la moyo, kisicho na mizizi ya kweli wala majani, na humo ndimo zilimo sehemu za kiume na za kike za mmea huu. Mbegu ya kiume lazima iogelee ili ifike kwenye yai. Bila tone la maji juu ya udongo, moyo hubaki moyo, na mwishowe hufa.

Mwezi Julai baridi ya milima hii ya Umatengo ilikuwa kali. Mama Hildegardi alilifunika kopo lake kwa nailoni na kuliweka karibu na jiko lipate joto. Alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi jioni, siku nyingine amechoka hata asiweze kulifunua. Kuvu jeupe likaingia. Baada ya siku nne mioyo yote ikawa imelainika kama mlenda.

Hakumwambia mtu, isipokuwa Mwalimu Rukia. Lililobaki ni kopo lililo nyumbani kwa mtu aliyeongoza mapanga.

“Sijaenda kuliangalia,” anasema Alhamisi hii, akifunga gunia lake korongoni. “Nikienda atadhani namchunguza. Na nikikuta limekauka, nitalala vipi mpaka Jumapili? Yeye ni mtu wa haki. Lakini ana ng’ombe, ana mavuno, ana mke mgonjwa. Nani atakumbuka kumwagilia matope?”

Anapanda kurudi juu. Inamchukua dakika arobaini. Anapumzika mara tano.

Jumapili watu wamejaa kwenye ghala la kahawa. Mama Hildegardi ameketi mwisho wa benchi la wanawake, mikono mapajani. Mwalimu Rukia yuko karibu naye. Anapoulizwa kuhusu kopo lake, anasimama na kusema limekufa, kwamba kosa ni lake, kisha anaketi. Kuna minong’ono. Henry Ndunguru anatazama chini.

Florian anamwomba mtu mmoja asogeze meza mlangoni penye mwanga. Halafu anafungua mfuko wa kitambaa na kutoa kopo.

Halina mfuniko. Udongo wake umelowa. Juu yake ile mioyo imetandaa, na kutoka kwenye minne kati yake kumechomoza vikonyo vya kijani, vyembamba kama uzi, kila kimoja kimejikunja kichwani kama konokono. Kimoja kimekwisha kukunjuka na kugawanyika kama vidole. Ni jani. Dogo kuliko punje ya mpunga, lakini yeyote aliyewahi kuteremka korongoni angelitambua.

Florian anavaa miwani, ingawa ni wazi kwamba ameliangalia kopo hilo mara nyingi.

“Nimelinyunyizia maji kila asubuhi na kila jioni, kwa kiganja,” anasema. “Mke wangu ni shahidi, alifikiri nimepagawa. Sikufanya hivyo kwa kumpenda shemeji. Nilisema likifa mkononi mwangu, watu watasema nimeliua. Nilitaka life lenyewe.”

Anavua miwani.

“Halikufa. Na kutu mimi naijua, nimepigana nayo tangu nikiwa na baba. Kutu haizai mtoto mwenye vidole.”

Mtu mmoja anauliza vipi kuhusu makangaga yaliyo ukingoni mwa mashamba, ambayo yanaweka unyevu kwenye kahawa, na unyevu ndio unaoalika kutu. Mwalimu Rukia anakiri kwamba hoja hiyo ni ya kweli. Mabishano yanachukua karibu saa nzima. Mwishoni kamati inaamua kwamba ukanda wa hatua kumi kutoka mashambani utafyekwa kama ilivyopangwa. Korongo lenyewe, kuanzia chemchemi kwenda juu, halitaguswa.

Ndani ya hatua hizo kumi kuna aina tatu ambazo Mama Hildegardi hajaziona kwingine. Anaomba wiki mbili azihamishe. Anapewa moja.

Hakuna anayempongeza. Watu wanatoka wakizungumzia bei ya kahawa. Henry anasimama mbele yake, anasema, “Shikamoo mama,” kama vile hawajaonana siku hiyo, kisha anasema ana toroli kama atahitaji kubebea. Mama Hildegardi anamshukuru. Atalihitaji.

Mwalimu Rukia anamweleza kando kwamba kopo lake, hata kama kuvu lisingeingia, huenda lisingezaa. Alilifunika akaliacha bila kulinyunyizia. Lile la Florian lilipata maji kwa juu, kila siku, na maji hayo ndiyo yaliyobeba uzazi. Mama Hildegardi analipokea hilo polepole.

“Kwa hiyo aliyeyazalisha ni yeye,” anasema.

Mpango wake sasa ni kuyapanda yale makangaga madogo kwenye sehemu yalipokatwa yale manne, mvua za Desemba zikianza. Florian anamuuliza yatachukua muda gani kuwa miti. Anamwonesha vidole viwili vilivyolala pamoja: shina huongezeka kiasi hicho kwa mwaka, mwaka ukiwa mzuri.

Florian anatazama vidole, anatazama paa la ghala, anapiga hesabu kimyakimya.

“Shemeji, mbona hayo ni ya wajukuu.”

“Ni ya wajukuu,” anakubali.

Florian anamsogezea kopo juu ya meza aende nalo. Mama Hildegardi analitazama. Kesho ni Jumatatu. Kuna chupa za kuosha, na shule ya ziwani inataka mafungu sita ifikapo Ijumaa. Anaketi kwenye benchi lililo kando ya meza, ananyoosha mguu wenye goti bovu, na kwa mkono analirudisha kopo taratibu hadi upande wa pili wa meza.

“Kaa nalo wewe mpaka mvua,” anasema. “Limekuzoea.”